Vijiji Sita na Binti wa Doonside

“Leo haiwezekani. Tuna wageni.”

Mama Ketan alisimama mlangoni ameshika kitasa, sari ya hariri mwilini, bangili za dhahabu mkononi. Arakaza alibaki nje na shada lake la maua, jua la Westmead, Sydney, likimchoma shingo.

“Shikamoo, Mama. Ketan aliniambia nije leo nijitambulishe. Alisema mnanisubiri.”

“Ketan ana maneno mengi.”

Nyuma ya bega la yule mama sebule ilionekana vizuri. Mzee mmoja amefunga tai, mkewe ameketi wima, na katikati yao binti mzuri kainamisha uso. Mbele yao alikaa Ketan. Alivaa suti ya bluu ambayo yeye na Arakaza waliichagua pamoja Parramatta, kwa ajili ya siku hii hii.

Arakaza aliita kwa sauti isiyo ya kinyonge.

“Ketan!”

Ketan aliinua macho, akayashusha.

“Waambie wageni mimi ni nani.”

Sebule nzima ikageuka kumtazama.

“Ni... ni rafiki,” Ketan alisema. “Wa hospitali.”

Mama Ketan alitabasamu, akaanza kusukuma mlango taratibu.

“Umesikia mwenyewe. Kwaheri, binti.”

Arakaza aliweka maua chini pale pale mlangoni, akageuka. Hakulia njiani wala kituoni. Alilia ndani ya treni, amegeukia dirishani, mpaka Doonside.

Ilikuwa miaka miwili tangu wakutane. Arakaza ni muuguzi, Ketan fundi wa kompyuta, wote hospitali moja ya Westmead. Siku hiyo Arakaza alikuwa anaongea na mama yake kwenye simu, mara kijana wa Kihindi aliyekuwa chini ya meza anachomeka nyaya akatoa kichwa.

“Samahani dada, wewe ni wa Kigoma?”

“Mimi Mrundi. Nilizaliwa kambini Kasulu. Na wewe umekitoa wapi hicho Kiswahili?”

“Mimi wa Mwanza! Nilikuja huku nina miaka kumi na moja. Sijasikia mtu akisema ‘hebu niache huko’ tangu niondoke.”

Basi yakaanza hapo. Walipendana kwa Kiswahili na wakagombana kwa Kiswahili. Kiingereza walikiachia kazini.

Sasa, baada ya yale ya mlangoni, simu ililia mpaka ikachoka. Arakaza hakupokea. Ukaingia ujumbe:

*Mpenzi nisamehe. Mama aliwaalika watu wa Melbourne bila kuniuliza.*

*Ulijua lini?*

*Juzi.*

*Juzi! Na jana tulikula chakula pamoja Ketan. Ulicheka na mimi huku unajua.*

*Niliogopa.*

Hapo Arakaza akapiga mwenyewe.

“Uliogopa nini? Niambie kwa mdomo wako.”

“Arakaza, hujui ya kwetu. Sisi ni Wapatidar. Ni tabaka, watu wanazaliwa nalo. Na ndani yake kuna familia za vijiji sita kule Gujarat zinazojiona ziko juu ya wenzao. Zinaoana zenyewe kwa zenyewe. Baba yangu marehemu alikuwa wa huko. Ami Navin aliye Leicester, Uingereza, kaka yake baba, ndiye mkubwa wa ukoo. Akisema tumetengwa, tumetengwa.”

“Hivyo vijiji sita, wewe umewahi kukanyaga hata kimoja?”

“Hapana.”

“Unanikana kwa sababu ya mahali usipopajua!”

“Mama anasema...”

“Sikuulizi mama. Nimekuuliza wewe, na jibu lako nililisikia mlangoni. Rafiki wa hospitali akusalimie.” Akakata.

Wiki nzima Ketan alipiga, na wiki nzima Arakaza hakupokea. Alikwenda zamu zake, alirudi, alikula akilazimishwa na mama yake. Baba yake, mzee Melchior, alikuwa akimwekea chai mezani tu na kukaa karibu.

Jumamosi jioni kengele ya mlango ikalia. Goreth, mama yake Arakaza, alifungua, akarudi nyuma kwa mshangao. Mama Ketan alikuwa kwenye ngazi, na pembeni yake bibi mfupi kama mtoto, nywele nyeupe pe, ameegemea fimbo. Huyo alikuwa mama mkwe wake, Savitaben, ambaye nyumba nzima ilimwita Ba.

“Nilimwambia abaki,” Mama Ketan alisema. “Amekataa.”

“Nimekuja kumwona msichana,” Ba alisema kwa Kiswahili cha Mwanza kisicho na doa. “Karibuni hamsemi?”

Wakakaribishwa, wakaketi. Arakaza alitoka chumbani, akaona aliyeko sebuleni, akaandika ujumbe mmoja kabla ya kuketi:

*Mama yako yuko kwetu. Kama kuna mwanaume ndani yako, njoo sasa.*

Mama Ketan hakugusa chai.

“Nimekuja kwa heshima. Sisi wazazi tunaelewana. Kijana wangu amepata mchumba wa watu wetu. Mwambieni binti yenu aache kumsumbua.”

Goreth aliweka birika chini.

“Binti yetu hajampigia wiki nzima, mama. Kijana wako ndiye anapiga. Simu hiyo hapo, iangalie, inawaka tena.”

“Basi mbadilishe namba. Msinielewe vibaya. Uuguzi ni kazi nzuri. Lakini kila mtu ana watu wake. Hata nyinyi, si mnaangalia? Kwani nyinyi ni Wahutu au Watutsi?”

 Swali hilo halikuwa na jibu ndani ya nyumba ile. Aliwahi kuliuliza akiwa sekondari, wenzake shuleni walipomwuliza, na baba yake akamjibu: “Wewe ni mtoto wa Melchior na Goreth. Inatosha.” Hakuuliza tena.

Mzee Melchior alijifuta midomo polepole.

“Mama, pardon. Swali hilo lilituua. Mimi nilikimbia nikiwa nimembeba mdogo wangu mgongoni kwa sababu watu waliuliza swali hilo barabarani, na jibu baya lilikuwa panga. Nikaapa hakuna mtoto wangu atakayelijibu.”

“Sikuwa na nia mbaya...”

“Najua. Babu yangu alikuwa chifu mdogo kwenye mlima wetu. Wabelgiji wakaja, wakasema kundi lenu si la kutawala, kundi lile ndilo la kutawala. Aliamka chifu, akalala si kitu. Kabla ya hapo tofauti zilikuwepo, sisemi uongo, lakini mtu alioa, alihama, alipanda, alishuka. Mzungu akazipigilia msumari. Halafu akaondoka, akatuachia misumari.”

Mama Ketan alikaza shingo.

“Hayo yenu ni ya siasa, mzee. Yetu ni ya dini. Sisi tumekuwa watu wa juu tangu zama na zama.”

Ba akacheka. Kilikuwa kicheko kikavu cha mtu aliyesubiri zamu yake muda mrefu.

“Zama zipi, Kokila?”

“Ba, tafadhali.”

“Nimeuliza, zama zipi? Bibi yangu mzaa baba alizaliwa anaitwa Mkanbi. Mkanbi maana yake mkulima tu, mwenye udongo kwenye kucha. Wakubwa wa siku hizo walituona wa chini. Sasa Mwingereza akataka kodi ya ardhi. Akawashika wenye mashamba wakubwa wa vijiji vile, wakamkusanyia, akawaheshimu. Tumbaku ikalimwa, treni ikaja, watoto wakasoma. Wakulima wakaanza kusema sisi si Wakanbi, sisi Wapatidar. Wakawafungia wake zao ndani kama wake wa wakubwa. Na serikali ya Mwingereza ilipohesabu watu, wazee wakapeleka maombi, jina jipya likaandikwa. Unajua mwaka gani? Mwaka niliozaliwa mimi.”

Aligonga fimbo sakafuni.

“Huo ukubwa wako wa zama na zama una umri wangu! Na mimi bado natembea!”

Arakaza alijikuta ametabasamu bila kutaka.

“Tukafika Mwanza,” Ba aliendelea, “Mwingereza huyo huyo akatupanga tena. Mzungu hospitali yake, Mhindi ya kwake, Mwafrika nyuma kabisa. Tukaona raha kuwa katikati. Hatukuuliza nani alichora mistari. Leo Mwingereza hayupo, Kokila, na wewe ndiye unamlindia mistari yake. Tena Sydney!”

Mama Ketan alikuwa amepauka. Kabla hajajibu, mlango ukagongwa mara moja, ukafunguliwa. Ketan aliingia anahema, shati limetoka nje ya suruali.

“Shikamoo Baba. Shikamoo Mama,” aliwasalimu wazazi wa Arakaza, kisha akamgeukia mama yake. “Mama, nimewapigia watu wa Melbourne. Nimewaomba radhi. Nimewaambia nina mchumba, na anaitwa Arakaza.”

Akamwendea Arakaza, akataka kumshika mkono. Arakaza akauficha nyuma.

“Hapana. Usije na sauti laini hapa. Ulinikana mbele ya watu, Ketan. Sasa umekuja kunikubali ndani kwetu, mlango umefungwa? Huo si ujasiri.”

“Nifanye nini?”

“Sijui. Mimi sikuombi kitu. Nakuambia tu kwamba sitakuwa mke wa kufichwa. Ukoo wako ukinikataa, nitasimama. Lakini sitasimama peke yangu na wewe umejificha nyuma ya sofa!”

Ketan alimtazama, kisha akatoa simu. Akabonyeza, akaweka sauti ya wote kusikia, akaiweka juu ya meza katikati ya vikombe. Leicester ilikuwa asubuhi.

“Ketan, beta, mwanangu! Vipi mambo ya Melbourne?”

“Ami Navin, naongea Kiswahili leo, kuna watu wanasikia. Melbourne nimekataa. Naoa Mrundi. Muuguzi, Mkristo, anaitwa Arakaza. Nimekupigia nikuambie, sikukupigia nikuombe ruhusa.”

 Kisha sauti ikalipuka, Kigujarati na Kiswahili vikigongana.

“Umerogwa? Mweusi? Kwenye ukoo wetu? Nitawatenga nyote! Lakini sishangai. Kosa lilianza kwa mama yako. Tulimwambia kaka asioe mwanamke wa kijiji cha chini, hakusikia. Damu ya Kokila ndiyo hii inatoka sasa!”

 Mama Ketan alikuwa ametoa macho kwenye ile simu kana kwamba imemng'ata. Wengine sebuleni hawakujua, ila Ba alijua: Kokila alizaliwa Tabora, na kwao si mojawapo ya vile vijiji sita. Siku alipoolewa, mashemeji walisusa harusi. Ba peke yake ndiye aliyempokea mlangoni, akamwambia aingie, hii ni nyumba yako. Miaka yote iliyofuata Kokila alifunga kuliko wote, alikuwa mkali kwa mila kuliko wote, ili mtu asije akakumbuka.

Na wamekumbuka.

“Navin,” Kokila alisema. Sauti yake ilikuwa ya chini sana.

“Kokila? Upo hapo?”

“Nipo. Nimekupikia, nimewaosha watoto wako walipougua surua, nimemuuguza kaka yako mpaka akafia mikononi mwangu. Na bado mimi ni wa kijiji cha chini?”

“Usianze, mimi nilimaanisha...”

“Nimesikia ulichomaanisha. Sasa nisikie mimi. Mwanangu anaoa. Ukitaka kututenga, tutenge, tena fanya haraka, maana tunahitaji kujua idadi ya viti.”

Akakata. Akaisukuma simu pembeni, bangili zikalia. Goreth aliinuka, akamwaga chai iliyopoa, akammiminia nyingine ya moto. Safari hii Mama Ketan aliinywa.

Baadaye alimtazama Arakaza.

“Usidhani nimekupenda.”

“Sijadhani, Mama.”

“Nilikufungia mlango. Mimi, niliyefungiwa mlango.” Machozi yalimshuka, akayafuta kwa hasira. “Nisamehe.”

Arakaza hakukimbilia kumkumbatia. Alikuwa bado ana donda.

“Nitakusamehe,” alisema. “Ila si leo. Leo nimekusikia.”

“Haya ndiyo majibu ya mtu mwenye akili,” Ba alisema, akageukia biskuti.

Ketan alisimama pale pale, hajui aende wapi. Arakaza akamvuta kwa mkono wa shati mpaka uani.

“Ukinyamaza tena siku moja, Ketan, siku moja tu...”

“Sinyamazi.”

“Apa.”

“Naapa mbele ya baba yako, anachungulia dirishani.”

Arakaza akacheka, na ndipo akajiruhusu kuegemea kifua chake.

Walioana masika, ukumbini Blacktown, kukiwa na ngoma za Kirundi zilizotikisa madirisha na moto mdogo wa Kihindu waliouzunguka wakishikana mikono. Upande wa Leicester hakuja mtu. Viti vyao vilikaliwa na wauguzi wa Westmead. Ketan alishika kipaza sauti, akasema jina la mkewe lote kamili, akalirudia, watu wakashangilia.

Wakati wa chakula, bibi mmoja wa Kigujarati, rafiki wa Ba tangu Mwanza, alimsogelea bibi harusi. Alimtazama juu mpaka chini, akauliza kwa sauti ya adabu swali lile lile la siku zote.

“Na wewe mwanangu, nyie ni watu wa kijiji gani?”

Mama Ketan alisikia, akageuka haraka, tayari kujibu. Arakaza alimzuia kwa kiganja, akamkazia yule bibi macho.

“Doonside, Bibi. Ukipanda treni kutoka Blacktown, ni kituo cha kwanza.”

Aliyeanza kucheka alikuwa mama mkwe wake.