Ukelele wa Bwana Pedeli

Ijumaa asubuhi soko la Mgandini hujaa mpaka watu hupishana kwa mabega. Shamsiya alikuwa ameinama anachagua nyanya, buibui lake la rangi ya kahawa amelikunja mkononi lisiguse tope, simu yake ikalia mkobani.

Haikulia kama simu za watu. Ilipiga ukelele.

"Mamaaa! Nakufa, Mamaaa!"

Wauza nyanya wakaangua kicheko. Nani Tanga hii asiyeujua ukelele ule? Ulitoka kwenye filamu ya Bwana Pedeli, yule shujaa wa vitabu vya katuni anayekwenda kuokoa watu kwa baiskeli, na kila akifika anakuta wameshajiokoa wenyewe. Mwishoni anaruka na baiskeli yake kutoka juu ya paa, joho jekundu linapepea, na kabla hajatua anamwita mama yake. Hapo watu hucheka mpaka wakashika mbavu.

Nyuma ya Shamsiya kitu kikaanguka. Trei zima la mayai.

Kijana aliyelibeba alibaki amesimama vilevile, mikono ingali mbele kama bado ameshika kitu, kanzu yake nyeupe ya Ijumaa imetapakaa ute mpaka miguuni. Uso ulikuwa umempauka, midomo inatetemeka. Shamsiya akaingiwa na hofu, akadhani mtu anataka kuanguka kifafa.

"Kaka! Una nini?"

"Zima."

"Nizime nini?"

"Simu, dada yangu. Nakuomba, zima."

Akazima. "Ni filamu tu, kaka. Hakuna mtu aliyekufa pale."

"Najua. Nimeshtuka tu."

"Mwanamume mzima ushtuliwe na simu? Siku ukikutana na mama mkwe itakuwaje?"

Yule kijana akamtazama, kisha akacheka kidogo, na damu ikamrudi usoni. Alikuwa na macho ya upole na kucha zenye weusi wa grisi. Jina lake Mohsin, fundi baiskeli wa Barabara ya Nane, Ngamiani. Shamsiya akamsaidia kufuta kanzu kwa majani ya mgomba, na kabla hawajaachana namba za simu zilikuwa zimeshabadilishana mikono.

Yakaanza mapenzi, na mapenzi yao yalikwenda kwa kikapu. Shamsiya alikuwa fundi cherehani, akikaa ghorofani kwa shangazi yake Mwanasiti. Mohsin akija husimama chini, hapiti hata mlango wa ngazi. Shamsiya hushusha kikapu kwa kamba kutoka dirishani, Mohsin hutia machungwa ya Muheza au mkate wa kumimina ungali moto, kikapu kikapanda.

"Panda basi, habibi," Shamsiya humwambia kwa simu, huku wanatazamana, mmoja juu mmoja chini. "Shangazi hang'ati."

"Leo nina grisi."

"Jana ulikuwa na grisi. Juzi ulikuwa na haraka. Kesho utakuwa na nini?"

"Kesho nitakuwa na hamu yako."

"Hebu nenda huko, mdomo umejaa asali, miguu imejaa uvivu!"

Alicheka, lakini akifunga dirisha kicheko kinamwishia. Mwanamume asiyetaka kuingia nyumbani kwa watu, anakimbia nini?

Tena kulikuwa na jambo la pili. Shamsiya alikuwa mkubwa wa kundi la WhatsApp la wapenzi wa Bwana Pedeli, na kila jioni aliwaandikia siri moja ya nyuma ya kamera. Kwamba joho jekundu lilikuwa pazia la nyumba ya wageni. Kwamba mvua ile kubwa ilikuwa mpira wa kumwagilia bustani, na mtu mmoja juu ya mkorosho. Kwamba sharubu zilitengenezwa kwa singa za mkonge, na mbuzi akazila. Kwamba ukelele uliigizwa na mwanamke, Dar es Salaam, ndani ya chumba cha kurekodia, huku anakula karanga. Hilo la karanga watu walilipenda sana.

Siku moja alimsomea Mohsin ile ya mbuzi.

"Hakuzila zote," Mohsin akasema. "Alikula upande mmoja. Ndiyo maana siku ile walimpiga picha Bwana Pedeli kwa ubavu tu."

Shamsiya akarudi kuitazama filamu. Wallahi, kweli! Sehemu yote ile Bwana Pedeli anaonekana ubavu mmoja.

"Umejuaje?"

"Nimesikia kijiweni."

"Kijiwe gani?"

"Shamsiya, roho yangu, tuzungumze mengine."

Moyo ukampiga. Mtu anajua jambo dogo vile na hataki kusema amelijuaje, hilo kubwa analoficha ni lipi? Shangazi Mwanasiti hakumsaidia. "Huyo ana mke Horohoro, kule mpakani," alisema, huku anakuna nazi. "Si kila mara anakwenda huko kufuata vipuri? Vipuri gani vinavyomzuia mtu kupanda ngazi?"

Tangu hapo Shamsiya akawa analala na mke wa Horohoro kichwani.

Alasiri moja mtu anayeitwa Uweso, aliyekuwa akiwaendesha watu wa filamu kwenye gari, akaandika kwenye kundi. Alisema Bwana Pedeli wa pili anakuja, na wanamtafuta mpanda baiskeli wa filamu ya kwanza, maana mwigizaji mwenyewe hawezi kuendesha hata hatua tatu. Yote yale ya hatari aliyafanya kijana wa hapa hapa. Mohsin, fundi wa Barabara ya Nane.

Shamsiya alipiga kigelegele mpaka shangazi akaangusha mbuzi ya nazi. Hakuna mke! Yeye Shamsiya ana Bwana Pedeli mwenyewe! Vidole vikatangulia akili, akawatangazia watu wote wa kundi kabla hajamuuliza mwenyewe.

Jioni simu ikalia ukelele wake. Alikuwa Mohsin.

"Shamsiya, umewaambia watu?"

"Nimewaambia! Kwa nini ulinificha, laazizi? Mimi huku nagombana na mke wa Horohoro asiyekuwepo!"

Mohsin hakucheka. "Wamejaa hapa dukani. Na wale wa filamu wamekuja. Wanataka niruke tena, safari hii kutoka mnara wa tangi la maji, kwenye shamba la mkonge lililoachwa, njia ya Pangani."

"Si jambo zuri hilo?"

"Wewe ungefurahi?"

"Ningefurahi? Ningekaa mbele kabisa na gauni jipya! Au Bwana Pedeli anaogopa?"

Ulikuwa utani tu. Lakini upande wa pili akasikia pumzi ya Mohsin inavyoingia na kutoka kwa shida, kama siku ile sokoni.

"Basi nitaruka," akasema, na simu ikakatika.

Asubuhi Shamsiya akapiga, haipatikani. Akapiga tena, haipatikani. Akajitupia buibui, akaenda mbio Barabara ya Nane. Duka limefungwa. Nyuma ya duka, uani, mama mtu mzima alikuwa amekaa na ungo wa mchele miguuni, hachambui, anautazama tu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Wewe ndiye mwenye kikapu."

"Ndiye mimi. Mohsin yuko wapi?"

"Amekwenda kuruka. Hata chai hakunywa." Bi Wafa, mama yake Mohsin, akajifuta macho kwa ncha ya leso. "Ule ukelele mnaoucheka, unaujua?"

"Wa filamu? Ule uliigizwa na mwanamke, Dar—"

"Ule ni wangu mimi." Sauti yake haikupanda hata kidogo. "Mwanangu alikuwa ananiita mimi. Kamba ilikatika, akaanguka nje ya marobota ya katani waliyomtandikia. Bega lake limeshikwa kwa vyuma mpaka leo. Watu wa filamu wakaona inachekesha, wakaiacha. Mimi nilikuwa hapa hapa nakaanga samaki, sikumsikia. Nimekuja kumsikia harusini, kwenye simu ya mtu, watu wanacheka. Mama gani atasikia anaitwa na mwanawe asimjue sauti? Tangu aanguke hapandi hata stuli kubadilisha taa."

Mwaka mzima amembeba mtu anayeanguka ndani ya mkoba wake, na kila anapopigiwa simu, anaanguka tena.

Akatoka. Barabarani akamsimamisha bodaboda mmoja aitwaye Zabron.

"Njia ya Pangani, kaka. Kimbia!"

"Dada, nikimbie au nifike?"

"Vyote!"

Mkonge ulipita pande mbili, mistari kwa mistari, na Shamsiya kila dakika alidhani anausikia ukelele kwenye upepo. Walipoingia shambani aliuona mnara, mrefu, umeliwa na kutu, na katikati ya ngazi yake ya chuma doa jekundu limeganda. Mohsin, na joho lake. Hapandi, hashuki. Baiskeli ilikuwa imeshavutwa juu kwa kamba, inamngoja.

Chini mwongozaji, mwanamume mwenye miwani ya jua, alikuwa anamsukuma mpiga picha. "Usizime! Woga huo, watu watacheka mpaka walie!"

Shamsiya hakumwuliza mtu. Akafunga buibui kiunoni, akashika ngazi. Kutu ikamkata viganja. Ngazi ilitikisika, naye akazidi kupanda.

"Mohsin."

"Usipande!"

"Nimeshapanda. Usitazame chini, nitazame mimi. La, mimi niko chini. Basi usinitazame."

Juu kikasikika kitu kama kicheko kilichovunjika. "Mikono haifunguki, Shamsiya."

"Achana na mikono. Huu mguu wako nimeushika. Ushushe hapa. Taratibu."

"Nilitaka ujivune."

"Najivunia fundi wa baiskeli. Shuka, habibi."

"Nikianguka?"

"Utaniangukia mimi, na mimi nitamwangukia yule mwenye miwani, Inshallah."

Mguu ukashuka. Kisha wa pili. Walikuwa wanakaribia chini pale kidato kimoja kilipokatika, chuma kikaanguka, na Mohsin akaning'inia kwa bega lake bovu.

"Shamsiyaaa!"

Mtu mmoja chini akacheka. Wengine hawakucheka. Shamsiya akaukumbatia ule mguu kwa nguvu zake zote, akauweka kifuani, akauongoza mpaka ukapata chuma kizima, huku naye analia kwa sauti bila haya. Hakuuachia mpaka walipokanyaga majani.

Mohsin akavua joho, akampa mwongozaji mkononi.

"Naogopa," akasema mbele ya wote. "Siruki. Na hiyo ya leo, ifute, mbele yangu."

Mpiga picha hakungoja kuamriwa. Akaifuta.

Shamsiya aliwaandikia watu wa kundi, kwa ruhusa ya Mohsin, siri yake ya mwisho: ukelele ule haukuigizwa, na hapakuwa na karanga. Kuna aliyejibu kwa kikaragosi cha kucheka. Wengi walibadilisha mlio wa simu. Wa kwake ulikuwa umeshakuwa kengele ya baiskeli.

Ijumaa iliyofuata, baada ya swala, kamba ya kikapu ikavutwa. Shamsiya akakipandisha. Kitupu. Akachungulia dirishani, hakuna mtu, baiskeli tu imeegemea ukuta. Moyo ukamshuka. Ameondoka? Amechoka naye?

Akasikia ngazi za ndani zinalia. Hatua moja, kisha kimya kirefu. Hatua nyingine. Shangazi Mwanasiti akaacha kukuna nazi.

"Hodi," ikaja sauti nyembamba.

Shamsiya akafungua. Mohsin alikuwa mlangoni, kanzu nyeupe imemganda mwilini kwa jasho, mgongo ameubana ukutani, na mikononi trei la mayai, halijavunjika yai hata moja.

"Karibu baba, karibu," shangazi akasema, huku anamsogezea kiti. "Kaa, upumzike."

"Nitakaa, shikamoo. Lakini niseme kwanza, nisije nikatazama chini nikasahau." Akamgeukia Shamsiya. "Mama yangu yuko pale kwa muuza kahawa, anangoja kuitwa. Nimekuja kuposa. Nimepanda peke yangu, Shamsiya, na nimeogopa kila kidato. Kushuka peke yangu siwezi."

Shamsiya akampokea mayai, akayaweka mezani taratibu, kisha akamshika mkono.