Nafasi Isiyotosha Neno

Bibi Sijaona alifika sokoni Newala wakati akina mama wa mboga wanakunja maturubai yao. Mgongoni alimbeba mjukuu wake, na kwenye pindo la kanga alifunga flash. Nyumbani aliaga kwamba anakwenda kutafuta maji. Ndoo tupu alikuwa nayo mkononi, na kwa shida ya maji ya Newala, nani atamuuliza mwenye ndoo anakwenda wapi?

Alikuwa amedanganya, na mwenyewe alijua.

Ile flash ilikuwa na sauti ya Pendo, binti yake wa pekee, aliyeingia wodi ya wazazi kwa miguu yake mwenyewe na kutolewa amefunikwa shuka. Akaacha kichanga. Siku ya arobaini, Mzee Bonifasi, kaka yake Sijaona, alikipakata kichanga akakipa jina la marehemu, Pendo. Katika ukoo wao, marehemu akisharithiwa jina amepumzika, na jina halikaliwi na wawili. Kwa hiyo Mzee Bonifasi akaichomoa flash kwenye redio, akaenda kufutisha kila kitu, akairudisha tupu.

"Dada, lia leo umalize," alimwambia.

Amalize! Rahisi kusema. Kila jioni Sijaona aliichomeka tena ile flash, akakaa mbele ya redio iliyonyamaza, akalia mpaka kanga ikalowa.

Fundi Gwakisa, kijana wa Mbeya anayetengeneza kompyuta na kuwawekea watu nyimbo, alikuwa anataka kufunga duka.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu. Kuna sauti ya marehemu binti yangu humu. Imefutwa. Inaweza kurudi?"

Fundi aliichomeka flash. Tupu.

"Baada ya kufutwa, kuna mtu aliyeweka kitu kingine humu?"

"Hakuna. Nilikataa."

"Basi ipo." Akavuta kiti. "Kompyuta ikifuta, mama, haichomi kitu. Inaondoa jina tu kwenye orodha yake, halafu inaihesabu ile nafasi kuwa tupu. Sauti yenyewe inabaki palepale, mpaka siku kitu kingine kiandikwe juu yake."

Sijaona aliyarudia maneno hayo moyoni. Jina limeondolewa, mwenyewe yupo palepale…

Mtoto akaanza kulia mgongoni. Alikuwa na kilio kikubwa, cha kusikika nyumba ya tatu. Sijaona akamtikisatikisa huku macho yake yakiwa kwenye kioo cha kompyuta, ambako mstari wa kijani wa programu ya kurudisha vilivyofutwa ulikuwa unatambaa polepole.

Duka likaanza kunuka moshi wa maganda ya korosho.

Gwakisa alichungulia nje. Hakukuwa na mtu anayechoma korosho.

Kilio cha mtoto kilikuwa kinapungua… kinapungua… kikakatika. Sijaona akadhani amesinzia.

"Hii hapa," alisema fundi. "Nikusikilizishe kwanza, kabla sijaihifadhi?"

Spika ilikwaruza. Halafu sauti ya kubangua korosho. Ti. Ti. Ti. Halafu msichana akacheka, kicheko chembamba chenye kikohozi kidogo mwishoni.

"Mama, narekodi. Niambie kitu basi."

"Niache nibangue korosho, wee mtoto." Hiyo ilikuwa sauti ya Sijaona mwenyewe, kavu, ya mtu mwenye haraka zake.

"Neno moja tu, mama."

Ti. Ti. Ti.

Siku ile hakumjibu. Sijaona alijiziba mdomo kwa kanga, akalia kwa uchungu. Alikuwa anaijua rekodi ile kwa moyo, na alijua inaishia hapo.

Haikuishia hapo.

"Mama…" Sasa sauti ilikuwa karibu zaidi. "Jina langu amepewa nani?"

Gwakisa akarudisha mkono haraka, kama aliyegusa chungu cha moto. Ndipo Sijaona aliposikia mateke mgongoni. Akamshusha mtoto. Mdomo wazi, machozi yanatiririka, kifua kinapanda na kushuka kwa nguvu.

Sauti hana.

"Mama, tazama." Fundi alikuwa ananong'ona. Kwenye ile flash tupu palikuwa na folda moja, rangi yake imefifia. "Hii imefichwa. Kufichwa si kufutwa. Kitu kipo na jina lake, ila kimewekewa alama kisionekane. Kompyuta yangu inaonyesha hata vilivyofichwa. Haikuwepo hii, mama. Haki ya Mungu, haikuwepo."

Ndani yake kulikuwa na rekodi moja, ya tarehe ya leo. Jina lake: Pendo.

Akaibonyeza. Kilikuwa kilio cha mtoto. Kilitoka kwenye spika, kikubwa, huku mtoto mwenyewe mikononi mwa bibi yake anapanua mdomo bure.

"Ile ya mama yake ifute," Sijaona alisema.

"Kufuta hakutoshi. Si umeona?" Kwenye kioo, programu ilikuwa bado inauliza: ihifadhiwe au isihifadhiwe. "Nikiihifadhi, unayo maisha yako yote."

Kitu gani kingine alichokuwa anataka duniani? Sijaona aliitazama spika. Akamtazama mtoto, ambaye midomo yake ilikuwa imeanza kubadilika rangi.

"Hicho kilio… unaweza kukiandika juu yake?"

"Nikikinakili mpaka flash ijae. Lakini haitarudi tena, mama. Hata kwa fundi gani."

"Jaza."

"Mama…"

"Jaza, mwanangu, kabla moyo haujanigeuka!"

Gwakisa akanakili. Akabandika. Akanakili tena. Na kwenye spika Pendo akaanza kukatikakatika.

"Mama, neno mo… ne… ma…"

Sijaona alipiga magoti, akaweka midomo kwenye spika. "Nakupenda, mwanangu. Nilikuwa nabangua tu. Nilikuwa nabangua korosho tu, nisamehe."

Hakujua kama alisikiwa. Spika ikanyamaza, halafu kilio kikatoka mdomoni mwa mtoto mwenyewe, kikalijaza duka.

"Imejaa?" aliuliza baadaye.

"Imebaki nafasi kidogo sana, haiingii kitu," alijibu fundi bila kumtazama. "Haitoshi hata neno moja."

Jioni ya pili Sijaona alikuwa uani anabangua korosho, mtoto mgongoni. Flash aliichomeka kwa mazoea tu. Redio ikalia kilio, kikaisha, kikaja kingine kilekile, mpaka cha mwisho kikanyamaza.

Spika ikakwaruza.

"Ma…"

Basi. Haikutosha neno.

Jiwe la kubangulia lilimponyoka. Mzee Bonifasi alishaonya kwamba jina likisharithiwa, marehemu haitwi tena kwa jina hilo, asije akarudi kulikalia. Lakini Sijaona aliwahi kunyamaza mara moja, na alijua kunyamaza kule kulivyomgharimu.

"Abee, Pendo," akaitika.

Mgongoni mtoto akacheka, kicheko chembamba chenye kikohozi kidogo mwishoni. Sijaona hakugeuka kumtazama. Aliogopa mno, na alikuwa anaomba acheke tena.