Kitambaa cha Kijani cha Sebom

Sebom alikuwa darasa la tano, na kila siku alirudi nyumbani akiwa hoi. Asubuhi shule. Baada ya shule tuisheni ya hesabu, kisha tuisheni ya Kiingereza, kisha piano kwa mwalimu aliyekuwa akipiga miayo kumshinda yeye. Alipofika kwao, ghorofa ya tisa, giza lilikuwa limeshaingia na nyumba iko kimya, kwa sababu mama yake alifanya kazi zamu ya jioni katika ghala la vifurushi. Sebom alijichemshia tambi, akazila kwa kimchi, kabichi iliyochachushwa na pilipili, huku amesimama, maana akikaa tu usingizi ulimchukua. Hapa kwetu Cheongju, Korea, watoto wengi huishi hivyo. Ukiwauliza habari watakuambia "nzuri", huku macho yanajifumba.

Muhula ule Mwalimu Pyo alilipa darasa kazi mpya. Walitakiwa kuifundisha akili mnemba, yaani programu ya kompyuta inayojifunza kwa mifano, ili iweze kutambua taka. Kila mtoto alikuwa na kishikwambi cha shule. Tena haikuwa kazi ya kuchezea. Katika majengo yetu Alhamisi ndiyo siku ya kutenga taka: chupa za plastiki mahali pake, makopo mahali pake, karatasi na vioo vivyo hivyo. Watu hushuka wamechoka, wanatupa popote, halafu Mzee Maeng, mlinzi wetu, hubaki anainama na kupanga upya. Majira ya baridi yaliyopita alilazwa hospitali kwa sababu ya mgongo. Basi watoto walimwahidi mashine ya kumwambia kila mtu pa kutupa taka zake, ili yeye akae.

"Mkinidanganya nitawatupa pamoja na makopo," Mzee Maeng aliwatania. Lakini kesho yake alionekana akifuta vumbi kiti kimoja cha zamani, kipana, cha kukunja.

Garam, rafiki wa Sebom tangu chekechea, ndiye aliyepewa kupanga maagizo ya programu na kurekodi sauti itakayosikika. Wengine wote walipewa kupiga picha, na Sebom aliangukiwa na chupa za plastiki.

"Sikilizeni," alisema Mwalimu Pyo, akijikanda shingo. Alikuwa amekesha akisahihisha mitihani. "Mashine haijui chupa ni kitu gani. Inajua kile mnachoionyesha, basi. Kwa hiyo ionyesheni chupa kubwa, ndogo, zilizobonyea, chafu, juani, kivulini, mkononi mwa mtu. Picha mia moja, za chupa mbalimbali. Mmenielewa?"

"Tumekuelewa, mwalimuuu."

Sebom alielewa, tena vizuri. Ila siku zilipita, na kila jioni alijiambia atashuka kesho kutafuta chupa. Jioni ya mwisho alirudi miguu ikimuuma, mvua inanyesha, lifti imeharibika. Alipanda ngazi mpaka juu, akajitupa kitini na kuitazama chupa moja ya maji iliyokuwa juu ya meza. Meza yao ilikuwa na kitambaa cha kijani. Akakiinua kishikwambi, akaipiga picha. Akaigeuza kidogo, akapiga tena. Akailaza, akaisimamisha, akaigeuza, mpaka mia ikatimia. Kisha akalala palepale na viatu miguuni.

Asubuhi Garam alimngoja mlangoni mwa darasa. "Zimetimia?"

"Zimetimia."

"Chupa tofauti tofauti?"

"We naye! Nimekwambia zimetimia," Sebom alijibu kwa ukali, akapita.

Mwalimu Pyo aliangalia idadi, akaona mia, akaendelea na mtoto mwingine. Walipoijaribu programu kwa picha chache kati ya zile zile, walizokuwa wameziweka kando, haikukosea hata moja. Darasa zima lilipiga makofi. Sebom naye alipiga, akajiambia kwamba kumbe haikuwa na shida yoyote.

Alhamisi jioni watoto wakaenda kusimika mashine yao. Pale pa kutengea taka sakafu imepakwa rangi ya kijani, ile ile tunayopaka kwenye mapaa ili maji yasipenye. Kishikwambi kilifungwa juu ya nguzo fupi, kamera ikitazama chini. Wakazi walikusanyika na mifuko yao. Mzee Maeng alikileta kiti chake, akakaa, akakunja mikono kama bwana harusi.

Mtoto mmoja aliweka chini chupa ya plastiki.

"Chupa ya plastiki! Asante!" ilisema mashine kwa sauti ya Garam, na watu wakashangilia.

Kikawekwa kikopo cha samaki.

"Chupa ya plastiki! Asante!"

Likawekwa boksi la karatasi, kisha ndala ya mtu. Kila kitu kilikuwa chupa ya plastiki, na kila kitu kilishukuriwa. Mama Do, mwenyekiti wa wakazi, alimteremsha mbwa wake mdogo ili apate kuona vizuri. Mbwa akajisogeza chini ya kamera.

"Chupa ya plastiki! Asante!"

Watu walicheka mpaka wakashikana mabega. Kijana mmoja akaokota chupa halisi, akakigeuzia kishikwambi kwenye ukuta mweupe, akaiinua mbele yake. Mashine ikasema ni karatasi.

"Jamani, ni watoto," alisema Mama Do akijifuta machozi ya kicheko. "Mwalimu, ukiondoe tu hicho kidude, watu wanataka kwenda kulala."

"Garam, hata sauti yako inadanganya!" mwenzao mmoja akamzomea, na wengine wakadakia, "Chupa ya plastiki! Asante!"

Garam aliinamisha kichwa. "Nimekosea mahali, mwalimu," alisema polepole. "Nitaipanga upya yote."

Mzee Maeng aliinuka, akakikunja kiti chake, akakiegemeza ukutani. Kisha akainama na kuanza kutoa makopo kwenye chupa, mkono mmoja ukiwa kiunoni. Sebom alimwona, na moyo ukamuuma kwelikweli. Alitaka kusema habari ya picha zake. Mdomo ukawa mzito, akaenda zake nyumbani.

Nyumbani kitambaa kilikuwa pale pale mezani. Sebom alikitazama, akaikumbuka ile sakafu, akaelewa kila kitu. Tambi zilipoa bila kuguswa.

Asubuhi Garam alifika shuleni macho mekundu. Alikuwa ameyafuta maagizo yake yote na kuyapanga tena, na mashine ilikuwa ile ile. "Mwalimu, mpe mtu mwingine," alisema. "Mimi sijui hizi kazi." Watoto wawili watatu wakaanza tena kumwigiza.

Sebom alipiga moyo konde. Alikwenda mbele, akatoa kile kitambaa mkobani, akakitandika juu ya meza ya mwalimu. Akavua kiatu chake kimoja, akakiweka juu yake, akaelekeza kamera.

"Chupa ya plastiki! Asante!"

Safari hii hakuna aliyecheka.

"Ni picha zangu," alisema Sebom. "Nilipiga chupa moja tu, mara zote mia, juu ya kitambaa hiki. Mashine imejifunza kitambaa. Garam hakukosea chochote."

"Na jana?" Garam alisimama. "Jana walipokuwa wananizomea ulikuwa umesimama pembeni yangu! Ulikuwa unaangalia tu!"

"Niliogopa. Nisamehe, Garam."

"Sijui kama nitakusamehe," alisema Garam, akakaa na kugeukia dirishani.

Mwalimu Pyo akauliza, "Kwa nini, Sebom?"

"Nilikuwa nimechoka, mwalimu."

"Mbona hukuniambia?"

"Kila mtu amechoka," alisema Sebom, na hapo machozi yakamtoka. "Hata wewe."

Mwalimu alivuta kiti, akakaa. Kweli, uso wake ulikuwa umesawajika. "Hata mimi," alikubali. "Niliona mia imetimia, nikapita. Ningefungua picha tatu tu ningeona. Basi kosa hili tumelibeba wawili, na Garam ndiye aliyezomewa. Leo mchana, kabla ya zamu yake, nitazungumza na mama yako kuhusu hizo tuisheni. Na picha zitapigwa upya."

Wiki ile darasa zima lilishuka kwenye taka. Walipiga picha za chupa zilizobonyea, chupa zenye matope, chupa mkononi mwa Mama Do aliyelalamika muda wote kwamba nywele zake hazijakaa sawa. Siku mbili za kwanza Garam hakusema na Sebom. Siku ya tatu alimrushia chupa na kusema, "Shika vizuri, kidole chako kinaonekana." Sebom akashika vizuri. Naye Garam akaongeza agizo moja alilolibuni mwenyewe.

Alhamisi iliyofuata chupa ikawa chupa, na kopo likawa kopo. Kisha mtu mmoja akaweka mwavuli uliovunjika. Mashine ikasita.

"Sina hakika," ilisema kwa sauti ya Garam. "Tafadhali muulize babu."

Mzee Maeng aliangua kicheko pale kitini alipokaa. "Uweke huku kwangu!" aliita, bila kuinuka.

Mwalimu Pyo alimsogelea Sebom. "Unaona? Ilipokuwa inajua kila kitu haikumfaa mtu yeyote. Sasa inasema haina hakika, na watu wanaiamini. Kuchoka si aibu, mwanangu. Aibu ni kuwapa watu kazi ya uongo wakaitegemea. Siku nyingine ukichoka, sema."

Sebom alifikiri kidogo. "Mwalimu, nimechoka."

"Na mimi," alisema Mwalimu Pyo.

Mzee Maeng akasogea upande mmoja wa kiti chake, akawapisha nafasi ya kukaa.