Teksi ya Mjomba

Mkasa huu ulimpata rafiki yangu Dapaah, fundi umeme wa magari hapa Kumasi, tena mchana. Osei, kijana mrefu mno, alimletea teksi iliyogoma kuwaka, aliyoirithi kwa marehemu mjomba wake.

"Arobaini imepita?" Dapaah akauliza.

"Bado wiki mbili. Njaa nayo itasubiri arobaini, fundi?" Osei akakisukuma kiti cha dereva nyuma kabisa. "Mzee alikuwa mfupi, magoti yangu hayaenei hapa."

Wakaisukuma teksi hadi ndani ya banda la bati. Mvua ikashuka, kukawa giza. Dapaah akachomoa betri, Osei akafunga milango kwa ufunguo, wakaenda kuipima betri kwenye kibanda cha fundi ng'ambo ya njia. Taa ya kupimia haikuwaka hata kidogo.

Ndipo honi ikalia kule bandani: mara mbili fupi, moja ndefu.

Osei akamshika mkono. "Hivyo ndivyo mjomba alivyopiga akifika nyumbani."

"Nyamaza wewe! Betri si hii hapa mikononi mwangu?"

Wakarudi na tochi. Milango ilikuwa bado imefungwa, ufunguo umo mfukoni mwa Osei. Ila kiti cha dereva kilikuwa kimevutwa mbele, mpaka kinakaribia kugusa usukani.