Kiti cha Kujazia

Usiku wa tuzo za muziki wa kantri pale Nashville, hakuna kiti kinachoruhusiwa kubaki wazi. Nyota akiinuka kwenda kuimba, au kwenda msalani, kabla kamera haijageuka mtu mwingine amekwishakaa mahali pake, kapendeza, anatabasamu utadhani kaalikwa. Watu hao ni wajaza viti. Hawalipwi hata senti. Husimama ukutani wakingoja msimamizi awaguse bega, na masharti yao ni haya: usimsemeshe mtu, usitoe simu, na mwenye kiti akirudi, inuka.

Merritt Cobble alikuwa mmoja wao mwaka ule, na alikuwa amefura kwa hasira. Wimbo mmoja uliokuwa uimbwe jukwaani aliutunga yeye, jikoni kwake, na hakuna aliyefikiria kumpa tiketi. Basi akapanga foleni na wengine. Alivaa gauni la kijani la kuazima kwa binamu yake, na chini yake buti za kahawia za mama yake, kwa sababu viatu vya binamu vilikuwa vinambana.

Alipoguswa bega alikwenda kukaa karibu na kijana mmoja mrefu, suti nyeusi, tai imemkaba mpaka shingo imekuwa nyekundu.

"Dada, hicho kiti ni cha mke wa bosi wangu," kijana akanong'ona.

"Najua si changu. Usinisemeshe, nitafukuzwa."

"Na nani?"

"Na yule mwenye kidude sikioni. Anakutazama kama umemwibia ng'ombe."

Kijana akacheka kwa kujibana. "Naitwa Dalton Fugate. Niko Pawpaw Hill."

Pawpaw Hill ilikuwa kampuni kubwa ya kurekodi muziki, na kila aliyetunga wimbo mjini alikuwa amewahi kufungiwa mlango wake.

"Hongera. Sasa tabasamu, kamera hiyo inakuja."

Wakatabasamu pamoja kama maharusi. Pale jukwaani mwimbaji mwenye kofia pana akaanza kuimba, na midomo ya Merritt ikawa inamtangulia kwa kila neno. Dalton akamtazama.

"Unaupenda sana huu wimbo."

"Nimeutunga."

"Acha mzaha wako!"

"Ubeti wa pili anaukosea. Sikiliza."

Kweli akaukosea. Alipomaliza, mwimbaji alimshukuru Mungu, mkewe, kampuni yake, na wauza magari waliodhamini sherehe. Basi, akashuka.

"Hata jina lako hakulitaja?" Dalton alisahau kunong'ona. "Hii ni dharau! Hii ni dharau ya wazi!"

Merritt alizoea kuona watu wakimhurumia. Mtu wa kukasirika kwa ajili yake, tena kabla hajalijua jina lake, hakuwahi kumwona. Mke wa bosi aliporudi na manukato yake, Merritt akainuka kama sharti lilivyotaka. Dalton naye akainuka, akamfuata hadi ukutani, akaomba namba ya simu, akaikariri palepale kwa sauti kama mtoto wa shule.

Mapenzi yao yalianzia kwenye simu. Merritt alikuwa akihudumu asubuhi katika mkahawa mmoja wa upande wa mashariki, akimimina kahawa na kugawa mayai, na Dalton alimpigia kila akikwama barabarani.

"Asali, umeamka?"

"Nimeamka tangu wewe unakoroma. Nina sahani nne mkononi, sema haraka."

"Nakupenda."

"Hilo si la haraka. Rudia jioni, taratibu."

Jioni walikula kuku wa pilipili. Dalton alijigamba kwamba ataagiza ile pilipili ya juu kabisa, na tonge la pili likamliza mbele za watu. Merritt akamfuta machozi kwa kitambaa cha karatasi, huku anamcheka mpaka akashika mbavu. Siku nyingine ndipo alipolia kwa sababu ya maana: Merritt alichukua gitaa akamwimbia "Majoho ya Kwaya".

Wimbo huo ulikuwa wa mama yake. Bi Wilma Jean aliishi mji mdogo wa Kentucky, na kwa miaka mingi alipiga pasi majoho ya kwaya ya kanisa lao kila Jumamosi. Kuimba, hakuruhusiwa. Alikuwa ameachana na mume mlevi, na kanisa likakaa kikao, likapiga kura, likamtoa kwenye kwaya. Majoho likamwachia.

"Hawa watu walimtoa, halafu yeye akaendelea kuwapigia pasi?" Dalton aliuliza, macho mekundu.

"Alisema majoho hayakumkosea kitu."

Wimbo ukaimbwa na Odessa Crane, mwanamke wa makamo mwenye sauti ya mikwaruzo. Redio ziliukataa. Mkuu mmoja wa vipindi alisema saa hiyo tayari ana mwimbaji mwanamke, kama vile wanawake ni chumvi, ukizidisha mboga inaharibika. Lakini watu wenyewe wakaupokezana, huyu kwa yule, mpaka chama cha tuzo kikashindwa kujifanya kiziwi. "Majoho ya Kwaya" ukateuliwa kuwania Wimbo wa Mwaka, na katika tuzo hiyo anayeitwa jukwaani ni mtunzi.

Merritt alimpigia mama yake akiwa amesimama kwenye stoo ya mkahawa.

"Mama, utakuja. Utakaa na mimi, usikie jina langu likisomwa mbele ya dunia. Nataka ujue yale majoho hayakwenda bure."

"Hao wanaochagua ni watu waaminifu, mwanangu?"

"Ni kura, Mama. Wanapiga watu wa muziki wenyewe."

"Kanisani nako zilikuwa kura," akasema.

Sasa tuseme ukweli jinsi kura hizo zinavyopigwa, maana ukweli huu kila mtu mjini anaujua na kila mtu anautafuna kimya. Pale Pawpaw Hill kila mfanyakazi ni mwanachama wa chama cha tuzo, na kila mwanachama ana kura. Siku ikifika, bosi Royce Tackett huagiza kuku, huwaita wote kwenye chumba cha mikutano, na simu za kupigia kura huwekwa mezani. Wanakula pamoja, wanapiga kura pamoja, "kama familia". Kampuni ya ng'ambo ya barabara inataka Albamu ya Mwaka? Ipewe. Nayo iwaachie Wimbo wa Mwaka. Nipe nikupe, mchana kweupe, mafuta ya kuku vidoleni. Halafu watu haohao watapanda jukwaani walie machozi na kumshukuru Mungu, wakati Mungu hakuwamo chumbani mle.

Jioni ya siku hiyo Dalton alikuja kwa Merritt na maua. Alisimama mlangoni, kofia mkononi.

"Maua ya nini?" Merritt akauliza kwa furaha. Kisha akamtazama usoni. "Mmepiga kura leo."

"Tumepiga."

"Ulinipigia?"

"Merritt, mpenzi, tulikuwa mezani wote. Royce alikuwa anazunguka, anatazama simu ya kila mtu..."

"Swali langu lina jibu fupi. Ulinipigia mimi, au ulipigia pikapu?"

Pikapu ulikuwa wimbo wa Pawpaw Hill: pikapu, bia, msichana mwenye kaptula, halafu pikapu tena. Dalton mwenyewe alikuwa akiukejeli kila unapopita redioni.

"Pikapu," alisema.

Merritt hakupaza sauti. Ingekuwa heri angepaza.

"Ni kura moja, asali. Moja tu kati ya maelfu. Haibadilishi kitu."

"Kama haibadilishi kitu, mbona walikununulia kuku?"

"Ningefukuzwa kazi!"

"Mama yangu alitolewa kwenye kwaya kwa mikono iliyoinuliwa. Baadaye wakaja mlangoni, mmoja mmoja, wakamwambia samahani Wilma, wangu ulikuwa mkono mmoja tu. Wote, Dalton! Kila mmoja alikuwa mkono mmoja tu!"

Akamrudishia maua yake. "Wewe ndiye uliyepiga kelele kwa ajili yangu hata jina langu hulijui. Ulipolijua, ukanyamaza. Nenda zako."

Alikwenda. Simu ya Merritt ikalia asubuhi, mchana na jioni, naye akaiacha ilie. Alilia na yeye, chumbani, uso kwenye mto, maana alikuwa bado anampenda na hilo ndilo lililomuudhi zaidi. Kikulacho ki nguoni mwako, alijiambia, na asubuhi akavaa aproni akaenda kazini.

Siku moja, katikati ya pilikapilika za watu wa kahawa, redio ya juu ya jiko ikatoa sauti anayoijua.

"Naitwa Dalton Fugate," ilisema. "Nafanya kazi Pawpaw Hill, labda mpaka nikimaliza kusema haya. Mimi nilipigia kura wimbo nisioupenda, dhidi ya wimbo ulioniliza. Nitawaeleza tulivyokaa."

Akaeleza yote: meza, simu, kuku, ng'ambo ya barabara. Bibie Pearlie, mpishi, akazima feni asikie vizuri.

"Huyo si bwana wako?"

"Si bwana wangu."

"Basi huyo asiye bwana wako hana kazi tena kuanzia sasa hivi."

Ikawa hivyo. Kabla ya jioni Dalton alikuwa ametolewa nje na sanduku lake. Na chama cha tuzo kilifanya nini? Kilitoa tamko kwamba kina imani kamili na wanachama wake. Kura hazikurudiwa. Hakuna aliyeulizwa swali. Merritt alilisoma tamko lile mara mbili, akatamani kulitupa motoni pamoja na waliolitoa. Alishika simu ampigie Dalton, akaiweka. Kusema baada ya kura kufungwa kulimfaa nani? Dalton naye hakupiga tena, akiona aibu.

Usiku wa tuzo ukafika. Bi Wilma Jean alivaa gauni la zambarau alilolishona mwenyewe, lililopigwa pasi likanyooka kweli. Merritt safari hii alikuwa na gauni lake jeusi, na buti zilezile za mama. Wateule wa Wimbo wa Mwaka waliwekwa safu moja, na kushoto kwa Merritt, kwa bahati mbaya, akakaa Royce Tackett na mkufu wake wa dhahabu.

"Bahati njema, mama," Royce alimwambia Bi Wilma Jean kwa heshima zote.

"Bahati haihitajiki pale mlipokula kuku," bibi akajibu, macho jukwaani.

Wakangoja. Nyimbo zikapita, tuzo zikapita. Ghafla taa zikapunguzwa, matangazo ya biashara yakaanza kwenye runinga, na nyota wote wakainuka kwenda kunywa, Royce akiwamo. Wajaza viti wakamiminika kutoka ukutani. Ndipo mtu mmoja akatoka pembeni na karatasi, bila muziki, akatangaza kwamba sasa itatolewa tuzo ya Wimbo wa Mwaka.

"Wakati wa matangazo?" Merritt alishika mkono wa kiti. "Hawa wanamsomea nani?"

"Wanatusomea sisi," sauti ikajibu kushotoni.

Kwenye kiti cha Royce alikuwa amekaa Dalton, suti ya kukodi, tai ileile inamkaba.

Merritt akamgeukia. "Usinisemeshe, utafukuzwa."

"Nimezoea kufukuzwa. Nilitaka nikusikie ukisomwa, hata kama ni kutoka ukutani."

Bi Wilma Jean akainama mbele amwone. "Huyu ndiye mkono mmoja?"

"Ndiye, Mama."

"Wale wangu walininong'onea mlangoni, wakaenda zao. Wewe umesema hadharani kwa jina lako." Akamkagua kuanzia tai hadi viatu. "Umechelewa, lakini umesema. Kaa vizuri."

Majina yakasomwa. Mtangazaji aliposema "Majoho ya Kwaya, mtunzi Merritt Cobble," ukumbi ule wa nguo za kuazima ukalipuka. Wajaza viti walipiga makofi, walipiga miluzi, mwanamke mmoja akasimama juu ya kiti cha nyota. Hawa ndio waliopanga foleni kwa ajili ya nyimbo. Bi Wilma Jean akaweka mkono mdomoni.

Tuzo ikaenda kwa pikapu. Watunzi wake hawakuwapo kuipokea, walikuwa kwenye vinywaji.

"Wameiba," alisema Bi Wilma Jean, kwa sauti ya kawaida kabisa.

Merritt alilia, na yalikuwa machozi ya hasira. Dalton hakumwambia asilie. Alimpa leso tu. Mara Royce akarudi, glasi mkononi, matangazo yanakaribia kuisha.

"Kijana, hicho ni kiti changu."

Dalton akaanza kuinuka, maana sharti ni sharti. Merritt akainuka kabla yake, akamshika mkono mama yake, na kwa mkono wa pili akamshika Dalton.

"Kaa, mzee," alimwambia Royce. "Chukua chako, na changu, na cha mama. Vyote vyenu."

Wakapanda njia ya katikati mbele ya watu wote. Msimamizi mwenye kidude sikioni akakimbilia ukutani, akamgusa bega mjaza kiti wa kwanza. Yule dada akakunja mikono. Akamgusa wa pili. Huyo akatazama dari, na Merritt akageuka mlangoni akamwona. Taa zikawaka, kamera ikageuka.

Nje kulikuwa na baridi. Dalton alivua koti akamvika Bi Wilma Jean.

"Umenisamehe?" alimuuliza Merritt.

"Bado." Hakuuachia mkono wake. "Lakini ukae karibu wakati nasamehe. Ukienda mbali sitaweza."

"Na ukimaliza, utakubali nikuoe?"

"Niulize nikimaliza, tena mbele ya watu."

Bi Wilma Jean alikuwa ametangulia kidogo, na alikuwa anaimba. Alianza kwa kuguna, kisha kwa maneno, kisha kwa sauti yote, ule wimbo wa majoho, katikati ya wapita njia. Merritt hakuwahi kumsikia mama yake akiimba nje ya nyumba. Simu yake ikalia. Ni binamu mwenye gauni la kijani.

"Merritt! Nimeona kwenye runinga, viti viwili vitupu katikati ya ukumbi mzima! Imekuwaje, wamekosa watu?"

"Hawakukosa," Merritt alisema. "Watu wamekataa."