Vidole vya Tangi la Mwisho

Asubuhi hiyo Ezron, kibarua wa kiwandani, alichomoa bamba la shaba kutoka tangi la mwisho, akakuta limeota vidole.

Vilikuwa vimejikunja kama vya mtu anayeng'ang'ania ukingo. Injinia Atuganile, aliyetoka Mbeya kuja kusimamia kiwanda hicho kidogo cha kusafisha shaba pale Nyololo, hakushtuka. Umeme ukijazana kwenye bamba moja, shaba huota vinundu hapo, na mabamba jirani hulala njaa. Akavikata, akasugua viungio vyote ving'ae.

Kesho yake vikaota tena, virefu zaidi, na kucha juu.

"Injinia," Ezron alinong'ona, "mkono wangu hausikii. Nimeumwagia chai ya moto, wala."

Meneja, Mzee Liberatus, akaagiza kuku mweusi. "Wanasema tangini mna jini. Apewe chake, atulie."

"Akishamaliza kuku ataomba nani?" Atuganile akamjibu. "Hapewi hata unyoya, mzee."

Akazima umeme, akalaza pau za shaba juu ya tangi kuunganisha mabamba yote, ili umeme ugawanyike sawa. Alipowasha tu, ukungu ukaingia milangoni mchana kweupe, pakanuka nywele zilizoungua, na ndani ya tangi kukaanza kukwaruza, kwanza polepole kama panya darini, kisha kwa kasi, kwa hasira, kila bamba likitikisika pale liliponing'inia, mpaka Mzee Liberatus akatimua mbio na Ezron akaanguka magotini, macho yamegeuka meupe, sauti isiyo yake ikimtoka kinywani.

"Nimezoea kula peke yangu."

Atuganile hakurudi nyuma. "Hapa tunagawana. Hutaki, toka. Na baba wa watu umwache."

"Nitakufuata kwako."

"Nyumba ya bati la kijani, nyuma ya kanisa la Kilutheri. Ubishe hodi kama watu."

Kukwaruza kukakatika. Ezron akapiga yowe, ameukumbatia mkono wake uliobabuka. "Unachoma! Dada, unachoma!" Alilia huku anacheka.

Jioni Atuganile alisonga ugali wa kutosha watu wawili, akauacha mlango wazi kabisa, akaketi kuutazama. Hakuinuka kuufunga. Giza lilipoanza kuingia, kitu kikagonga mlango ule ulio wazi, taratibu, mara moja.

"Haya, ingia," akasema, akasimama.