Kioo Kilichogoma Upande wa Mama

"Acha kubonyeza! Utaunguza swichi."

Mthulisi, mwalimu wa shule, aliondoa kidole haraka. Miezi minane hakuwa amekanyaga gereji ya Thandazile, fundi umeme wa magari. Mazungumzo ya mahari yao yalikuwa yameshaanza alipomwacha kwa ujumbe mmoja: "Nimejua ulichokuwa unafanya kule lodji. Usinitafute." Kisha akaifungia namba yake.

Leo alikuwa amesimama mbele yake na gari lake kuukuu. Kioo cha abiria kilikuwa kimegoma kikiwa nusu wazi, na mama yake, MaDube, ameketi hapohapo ndani ya blanketi mbili. Baridi ya Julai ya Bulawayo ilikuwa inang'ata.

"Katoka hospitali, mapafu," alisema Mthulisi. "Nampeleka Plumtree kwa dada. Daktari kasema asipigwe na upepo."

"Pole sana, mama."

"Nimeshapoa, mwanangu. Fanya kazi yako, mimi sipo hapa," alijibu MaDube, macho kodo.

Thandazile alikagua fyuzi: nzima. Akajaribu swichi ya upande wa dereva: kimya. Akafungua kava la mlango, akagusisha testa, taa ndogo ya kupimia umeme, kwenye nyaya za mota inayopandisha kioo. Taa haikuwaka.

"Fundi aliyepita alibadilisha mota," Mthulisi akasema.

"Alipima kwanza kama umeme unafika?"

"Hakupima."

"Na wewe ukakubali."

"Nikakubali."

"Kawaida yako. Unaambiwa, unakubali, unang'oa."

MaDube akakohoa, na kikohozi hicho hakikuwa cha mapafu.

Thandazile akaufungua mlango hadi mwisho, akabonyeza. Kioo kikashtuka, kikapanda kidogo. Akaurudisha mlango: kimya tena.

"Nimekupata!"

Akauvuta mpira unaopitisha nyaya kwenye bawaba. Ndani, waya mmoja ulikuwa umekatika kwa kukunjwa miaka na miaka.

"Shika mpira, uvute kwako."

Vichwa vyao vikakaribia kugusana.

"Thanda, kulikuwa na nini kule lodji?"

"Leo ndiyo unauliza?"

"Jibu ninalo. Jumamosi nilikutana na yule jamaa niliyeambiwa ulikuwa naye kule, yuko na mkewe. Wananisimulia asubuhi ya fungate yao, gari lilivyokataa kuwaka mpaka dada fundi akaja na betri. Nilitamani ardhi inimeze."

"Nilikupigia mara kumi na tisa, Mthulisi. Kumi na tisa!" Akaziunganisha ncha za waya, akazisokota kwa nguvu.

"Nisamehe."

"Umekuja kwa ajili ya kioo au kwa ajili ya hilo?"

"Kioo ni..."

"Tumepita gereji sita, mwanangu," MaDube akadakia. "Nimezihesabu huku meno yanagongana."

Kicheko kilitaka kumtoka Thandazile, akakimeza. Akazungushia tepu, akabonyeza. Kioo kikapanda mpaka juu.

"Nendeni mapema. Hilo lingine bado linaniuma."

Hazikupita dakika tatu tangu waondoke, simu yake ikaita.

"Thanda, ni mimi MaDube. Kioo kimetulia. Dereva ndiye hajatulia. Tuko kituo cha mafuta hapo mtaa wa pili, analia, barabara haioni. Na mimi leseni sina."

Thandazile aliweka bisibisi chini, akamwomba fundi mwenzake amfungie gereji. Alianza kwa kutembea. Kufika kona, alikuwa anakimbia.

Alimkuta Mthulisi ameegemea boneti, macho mekundu.

"Nipe ufunguo," akamwambia, huku anahema. "Siku ukisikia neno juu yangu, wa kwanza kuulizwa ni mimi."

"Ni wewe. Naapa..."

"Usiape. Njoo hapa."

Akamkumbatia, mikono yake na grisi zake zote juu ya shati jeupe la mwalimu. Walisimama hivyo mpaka mwenye pampu akawapigia mluzi.

Walipofungua milango, kiti cha mbele kilikuwa kitupu. MaDube alikuwa amejinyoosha nyuma na blanketi zake.

"Mama, mbona umehama?"

"Mbele kuna upepo," akasema, akafumba macho.